Herufi Moja

Emőke husoma mita za maji mjini Miskolc.
Usiku, supu ikipoa, huisimamisha filamu ya Kiajemi,
huirudisha nyuma, husikiliza tena,
kisha huandika chini ya midomo ya watu
maneno ya Kihungari, mistari miwili, isizidi.
Halipwi. Anayemshukuru ni kiziwi mmoja wa Eger.

Usiku ule alisinzia. Mezani mzee alisema "nipe chumvi";
yeye akaandika "nipe neno".
Kwa Kihungari, chumvi na neno hupishana kwa herufi moja.

Barua ya wakili ikaja, karatasi nene:
hakimiliki, kifungu hiki na hiki,
hata tafsiri ni mali ya mwenye filamu.
Futa kabla ya Ijumaa.
Akafuta Alhamisi.

Mwaka wa pili filamu ikafika sinema, kihalali.
Emőke akakata tiketi, akanunua bisi.
Mezani, yule mzee, kwa herufi nyeupe za kampuni:
"Nipe neno."
Mkewe akanyoosha mkono, akampa chumvi.

Hakuna aliyeshtuka. Nyuma mtu alinong'ona, "Huo ndio ushairi."
Emőke akatafuna bisi zake kimya.
Hazikukolea.