Karani wa Mizani

Restituta alinifunga mkononi
kama nesi anavyomfunga kitoto kitambulisho wodini:
ukanda mweusi wa mpira, kioo kidogo kama jani la chai.
"Baba, hiki kitahesabu unachokula na unachokichoma.
Hesabu zitanifikia kwenye simu huku huku Arusha.
Daktari wa Mawenzi amesema sukari yako haina utani."

Nikacheka. Mimi nihesabiwe!
Mimi niliyesimama miaka ishirini na sita
mlangoni mwa ghala la chama cha msingi, Kibosho,
penseli sikioni,
nikiusoma mshale kabla haujatulia.

Asubuhi kikauliza: umekula nini?
Nikaandika mtori.
Kikatafuta, kikatafuta,
kikaniletea uji wa shayiri wa nchi nisiyoijua.
Nikaandika kiburu. Kimya.
Nikaandika machalari. Kikasema: ulikusudia machungwa?
Mbege sikuiandika.
Penye mizani pana karani,
na karani ana mambo yake.

Siku ya nne nikagundua siri:
nikikaa barazani kwangu Majengo
nikampigia mjukuu makofi,
kinanihesabia hatua mia mbili.
Kumbe nawe unapunjika, nikakiambia.
Tukaelewana, kama watu wa kazi moja.

Ila kila usiku kilinionyesha mistari mitatu:
zilizoingia, zilizotoka, tofauti.
Tofauti.
Neno hilo nimelala nalo kitanda kimoja.
Kila gunia nilikata nusu kilo.
"Ya unyevu," nilisema,
hata kama kahawa imekauka
inalia ndani ya gunia kama kokoto.

Mama Filotea Mushi hakubisha.
Alikuja na mzigo kichwani, mtoto mgongoni,
mwingine tumboni, miguu imejaa tope la Karanga,
akasimama kwenye foleni tangu umande,
akapokea stakabadhi asiyoweza kuisoma,
akarudi na chumvi na mafuta ya taa.
Alichokichoma siku ile, nani alikihesabu?

(Wanasema hata shairi lina mizani.
Hili halina. Mnisamehe, nimezichoka.)

Jumamosi nikapanda Kibosho kwa miguu.
Sikumuaga mtu.
Kwenye kona ya pili pumzi ikaanza kunidai,
kwenye daraja la mbao mkono ukatetemeka:
Hongera! Umefikia lengo!
Lengo gani, nikauliza, na hata sijafika.

Nilimkuta kihambani, miaka themanini na moja,
anakata majani ya ng'ombe, mgongo umepinda
kama mundu alioushika.
Sikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyapanga njiani,
yakamwagika yote mlangoni pa zizi.
Nikavua ukanda, nikamfunga yeye.

"Ni nini hiki?"
"Mizani, Mama."
Akanitazama kwa muda mrefu.
"Na hii nayo inakata nusu?"

Akaendelea na kazi yake.
Alibeba majani, akapanda kwenye mfereji kwa maji,
akashuka, akapasua kuni, akamenya ndizi,
akamfukuza kuku wa jirani kwa kwato za mbuzi jike.
Mimi nilikalia kigoda, nikamtazama,
kazi ninayoiweza.
Jioni nikamsomea kioo, tarakimu kwa tarakimu,
sikutoa ya unyevu.
"Sasa zinalipwa wapi?" akauliza,
akanipakulia mtori.

Nikavaa tena ukanda wangu, nikashuka gizani.
Nilipofika Majengo simu ikaita.
"Baba! Leo umechoma kama kijana!
Nimewaonyesha watu wote ofisini. Hongera!"

Nikaishika simu bila kujibu.
Mara hii tena
jasho la Filotea limeandikwa kwenye daftari langu.

"Baba? Upo?"
Nipo.
Restituta, mwanangu, tafuta penseli.