Koti la Kafaulaya

Langoni Umbwe walipima mzigo: kilo ishirini kasoro robo.
Koti hawakulipima, maana nilikuwa nimelivaa.
La baba. Alilinunua sokoni Memorial,
kwenye rundo la kafaulaya, muuzaji akinadi
"Mwenyewe hayupo, baridi ipo, elfu nane!"

Alipozikwa, shangazi Ndealilia alitaka nguo zigawiwe
kabla matanga hayajaanuliwa.
Nikatoa mashati. Nikatoa viatu vya ibada.
Koti nikasema limeibwa.

Siku ya pili, jioni, bonde la Baranko.
Mawingu yamefunga chini yetu. Moshi haipo,
Kibosho haipo, wala migomba, wala deni la ada.
Kimebaki kisiwa,
na kule magharibi Meru, kisiwa kingine,
jirani usiyeweza kumwomba chumvi.
Bahari sijawahi kuiona,
ila hapo nilielewa kuzaliwa mahali
pasipo chombo cha kuondokea.

Senesio zimesimama kando ya kijito
kama wagumu waliotua mizigo wakasahau kujitwisha tena.
Saa saba mchana ngozi ya pua inabanduka.
Saa saba usiku chupa ya maji inapasuka.
Nazo zipo.
Zinarefuka vidole viwili kwa mwaka, wanasema,
basi ile iliyo karibu na choo cha kambi
ilichipua kabla babu hajabatizwa.

Majani yake yakifa hayaanguki.
Yanainama tu, yanakumbatia shina,
ya mwaka huu juu ya ya mwaka jana,
ya mwaka jana juu ya ya mwaka nisiozaliwa,
mpaka mti mzima umevaa wafu wake
na kichwani umeshika kijani kidogo, kama mboga ya bure.

Nderingo, aliyeanza kubeba kabla ya mizani kuwekwa,
alichochea jiko, akasema bila kuniangalia:
"Niliwahi kuvua mmoja. Mvua ya siku tatu,
kuni hakuna, tunatetemeka. Yale makavu yaliwaka vizuri mno.
Msimu uliofuata nikaukuta umekufa, umesimama vilevile.
Nilidhani nauondolea takataka."
Akatema mate. Ugali ukaiva. Hakuna aliyemjibu.

Lobelia nazo hufumba giza likiingia.
Kila moja ina maji yake kifuani, ya kuteleza kama ute wa bamia,
na usiku juu ya maji panatanda barafu
nyembamba kama kioo cha saa;
chini ya kioo, kichipukizi kimelala
hakina habari.

Hemani wanawake tulikuwa wawili, blanketi moja.
Nikafunga zipu hadi kidevuni. Inakwama pale palepale
alipokuwa akiitukana kwa Kichaga.
Mfukoni kipande cha kamba,
na pipi ya mnanaa iliyoyeyuka ikaganda,
ikayeyuka ikaganda, safari ngapi sijui,
hadi karatasi imekuwa sehemu ya pipi.
Nikaila na karatasi yake.
Ilikuwa na ladha ya mafuta ya taa.

Sikulia. Baridi ile hairuhusu,
machozi yangekuwa kazi nyingine ya kubeba.
Nilisikiliza tu majani makavu nje
yakikwaruzana, yakikwaruzana,
kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka mkono.

Siku ya sita nikashuka Kibosho, jua la saa nane,
jasho mgongoni, na bado sijalivua.
Shangazi alikuwa kihambani anakata majani ya ng'ombe.
Aliniona tangu kwenye kona ya masale.
Akasimamisha mundu.
Nikangoja neno *mwizi*. Nililistahili.

Akaja, akashika mkono wa koti pale kwenye kiwiko
palipotoka pamba,
akaurudisha ndani kwa kidole, taratibu.
"Aikande," akasema, "hapa panafumuka.
Kesho lete nishone.
Leo kaa nalo."