Wa Sita

Utumbo naujua.
Nimeuosha miaka ishirini na mitatu
kwenye karai, nyuma ya buchari, hapa Ponda Mali,
nikiugeuza ndani nje kama soksi ya mtoto,
nikiusugua kwa chumvi mpaka maji yakubali kuwa maji.
Kisha damu, kitunguu, mafuta, pilipili,
fundo huku, fundo kule: mtura.
Jioni foleni ilifika kwa fundi viatu.

Kwa hiyo daktari alipouchora kwenye karatasi,
kalamu ya buluu, mstari unaopinda na kupinda,
akasema, "Hapa ndipo tulipokata,"
nilitaka kumwambia ameuchora mnene mno.
Sikusema. Chelagat alikuwa amenishika kidole.

Ni yeye aliyeuliza.
"Ni nyama?"

Daktari akavua miwani, akaipangusa, akaivaa.
Sosiji, smoki, bekoni, kila nyama iliyotiwa dawa ikae,
hizo wataalamu wamezitia kapu moja na sigara.
"Si kwamba zinaua sawa na sigara," akawahi,
"ni kwamba ushahidi wake hauna shaka tena."
Na hii nyekundu ya kawaida? Huenda.
Ikiungulia kwenye makaa?
Huenda, hawajamaliza kubishana.
Na mke wangu?
Akatazama dirisha.

Nimepima nyama maisha yangu yote,
sijawahi kumkatia mtu kilo ya huenda.

Mwalimu Sichangi, hesabu, mstaafu,
alinifafanulia kwa chaki ya kuandikia bei.
Chukua watu mia wasiogusa sosiji: watano, tuseme, wataugua.
Chukua mia wengine, wanakula kila siku ya Mungu: sita.
"Unaona? Redio inapiga kelele ya asilimia,
kumbe ni mtu mmoja. Mmoja tu."
Akabeba robo yake ya maini, akaenda.

Nikabaki na chaki
nikimtafuta huyo wa sita.
Mwalimu hakumpa jina.

Mlangoni hawaishi kubishana.
Kiprono wa toroli ya smoki anaapa
babu yake alikula mbuzi hadi miaka tisini na nne,
akafa kwa kuanguka kwenye ngazi ya ghala.
Mama Wambura wa mboga anamkata kauli:
"Wangu alikula sukuma mwaka mzima,
nyama ni Krismasi na matanga ya watu.
Utumbo huohuo ukamla.
Sasa nishtaki sukuma?"
Hapo lazima mmoja apige kelele,
"Ponda mali, kufa kwaja!"
na wote wacheke, kwa kuwa mtaa ndio jina lake,
na kichekesho hakijazeeka.

Kwaja, ndiyo.
Lakini hakuji mbio wanavyodhani.
Huja na kadi ya rangi ya waridi, benchi la saa kumi na moja alfajiri,
harambee ya pili ambayo watu hawapokei simu,
na mfuko ubavuni, wa kubandika,
ambao mtu lazima auoshe.

Ninauosha mimi.
Mikono inaijua kazi.
Yeye hugeuza uso ukutani,
nami huzungumza habari za mvua.

Karai nimelifudikiza. Mtura siuzi tena.
Steki nauza: kodi haijui huenda.
Na anayeomba kilo mbili namwuliza, "Mko wangapi nyumbani?"
Wengine huniona mwenda wazimu. Wengine huhamia kwa Njuguna, kona ya pili.

Jumamosi alikuja mwenyewe, shali mabegani,
akasimama pale wanaposimama wateja.
"Nikatie kidogo," akasema.
"Ya pembeni. Isiyoungua."
Tukatazamana kama watu waliokosana bei.

Nikakata.
Sijui kwa nini niliiweka kwenye mizani.
Mshale ukatikisika, ukatikisika,
nami nikaiondoa
kabla haujatulia.