Upande wa Kushoto Haujafunguliwa

Wiki tatu gari lililia kama kisu juu ya sahani
kila nilipokaribia taa za chini ya kilima,
pale barabara za Duluth zinapolitazama ziwa
na kukusukuma mgongoni.
Nilipandisha sauti ya redio.
Wiki ya nne kilio kikawa mkwaruzo, chuma kwa chuma,
na redio haikutosha.

Gereji iliniandikia kwenye karatasi ya njano:
dola mia sita na themanini, magurudumu ya mbele tu.
Niliikunja karatasi mara nne.
Mimi hupika chakula cha shule;
najua mia sita na themanini ni magunia mangapi ya viazi.

Kwenye duka la spea kijana akauliza,
"Unataka za bei gani?"
Nikasema: zinazosimama.
Akacheka, akanipa pedi na diski mbili,
mia moja na kumi na tisa,
na pakiti ya grisi ndogo kama ya sosi ya nyanya.
Jiriwa nimeiazima kwa Irja Torvinen wa ghorofa ya chini,
ambaye huitumia kubana viti anavyovitia gundi.

Wendell ana miaka kumi na sita. Ameshika tochi
kana kwamba ni mtoto wa mtu mwingine.
Mwezi ujao atalishusha gari hili mwenyewe
kilima hikihiki.
Hilo hatujalizungumza.

Fungua upande mmoja kwanza, nilisoma mahali;
wa pili uache ulivyo,
ukisahau, nenda ukauulize.
Basi nazunguka gari kila dakika kumi,
napiga magoti kwenye barafu ya kushoto,
natazama jinsi kitu kilivyokaa
kabla mimi sijakigusa.
(Laiti ningekuwa na ndoa ya pili iliyoachwa hivyo,
ya kuchungulia.)

Chumvi ya barabarani imekula kila kitu.
Bolti ya kwanza ilitoka kwa matusi,
ya pili kwa matusi ya Kifini, ya bibi yangu,
nisiyoyajua maana ila yanafanya kazi.
Diski ikagoma.
Nikaigonga, nikaizungusha, nikaigonga.
Kutu ikanyesha nyekundu juu ya theluji.
Nikasema basi.
Wendell akaweka tochi chini, akaomba nyundo.
Pigo lake la tatu, ikaachia
kama jino la mtoto.

Ndipo tukaziona pedi. Ya nje bado nusu.
Ya ndani imekwisha hadi kwenye bati,
nyembamba kuliko ukucha.
Akaipapasa kwa kidole gumba.
"Tumekuwa tukiendesha na hii?"
"Nimekuwa," nikasema.

Kalipa tuliitundika kwa waya wa hanga
isining'inie kwa mpira wake.
Pistoni ikarudi ndani kwa shingo upande,
jiriwa ikikazwa robo kwa robo.
Diski mpya iling'aa mno kwa gari lile,
kama jino la dhahabu kwa mtu mwenye madeni.

Saa kumi na moja jioni, giza. Nikaingia, nikakanyaga breki:
mguu ukazama hadi sakafuni,
na mimi nikazama nao.
"Endelea," Wendell akasema, simu ikimulika kidevu chake.
"Imeandikwa uendelee kukanyaga."
Mara ya tano pedali ikapata cha kuegemea.
Mara ya nane ikawa ngumu,
kama mtu aliyeamua hatimaye kukujibu.

Akainama kukusanya maboksi, na ndani ya moja
kikabakia kipande cha bati, kidogo, kimekunjwa ncha,
kipya, hakijaguswa.
"Na hiki kinakaa wapi?"

Tukatazamana.
Jikoni kwa Irja taa ikawaka, harufu ya vitunguu.
Theluji ilikuwa imeanza tena, ile nyepesi
isiyo na haraka ya kufika chini.
Nikachukua spana.
Yeye akachukua tochi
na bila kuambiwa
akazunguka kwenda kushoto.