Mwalishi wa Siku Moja

Goti la Shangazi Biubwa limegoma wiki ya harusi.
Kalipaka mkaratusi, kalifunga upande wa kanga, kalisomea,
halikusikia.
"Basi kaalike wewe, Thureya. Nyumba arubaini na tatu,
zote kwa siku moja, kwa miguu,
asije mtu akasema: mwenzangu kaitwa jana,
mie nimekumbukwa leo."

Nikatoa simu niandike. Akaitazama kama jongoo.
"Weka huko. Anzia Malindi, jua halijapanda.
Kwa fundi saa, kunja kushoto.
Penye harufu ya bizari, panda ngazi.
Na kwa Bi Zumurudi, kule Baghani, hesabu njumu za mlango:
zikiwa kumi na nane, ndiyo nyumba."

Fundi saa alikufa mwaka niliozaliwa mimi.
Dukani mwake wanauza sumaku za friji.
Nilikunja kushoto vivyo hivyo,
na kushoto kulikuwa pale pale.

Hodi. Hodi wenyewe.
Kiponda sauti ilinijibu kutoka ghorofa ya tatu,
kikashuka kikapu kwa kamba, ndani gilasi ya maji,
na nyuma yake swali: "Anaolewa na nani?"
Nikajibu shingo juu, kwa ukelele:
Salha binti Nassor, Alhamisi, mwaitwa nyote, wakubwa kwa watoto,
na mtaa mzima ukapata habari kabla ya zamu yake.
Nilipofika Hurumzi: "Tumeshasikia, mwanangu.
Lakini sema. Usiposema, hatukualikwa."
Nikasema.

Saa sita kivuli cha kichochoro ni upana wa bega.
Vespa ikapiga honi, nikajibandika ukutani,
chokaa ikashika mgongoni mwa buibui,
nikaibeba Mkunazini hadi Sokomuhogo,
ambako wacheza dhumna, bila kuinua macho,
walininyooshea kidole njia kabla sijauliza.
Nyumba ya ishirini na sita walinilisha.
Ya ishirini na saba walinilisha.
Ya ishirini na nane wakanuna kwa kuwa nimeshiba.

Kajificheni nilipotea mara mbili; jina halikunidanganya.
Mzungu mmoja mwenye ramani akaniuliza yuko wapi.
Nikamwambia nifuate.
Tukatokea mara tatu kwenye duka lile lile la viatu,
mwenye duka akatucheka, akatupa viti.

Baghani, alasiri. Kibao kinasema hoteli.
Nikahesabu njumu, nikarudia. Kumi na saba.
Pa ya kumi na nane pana tundu; nikatia kidole.
"Umeweka chumba?" kauliza kijana wa mapokezi.
"Nimekuja kualika. Bi Zumurudi binti Seif."
Akaliandika kwenye kompyuta, herufi kwa herufi,
kwa adabu yote. "Hayumo."
Nikasimama na maneno yangu mdomoni
kama mgeni na mzigo wake.

Hapo akashuka mwanamke, shuka chafu begani;
kalisikia jina toka ngazini.
"Bibi yangu huyo. Chumba namba saba ndimo alimozaliwa mama.
Nakitandika kila siku."
Akapangusa mikono kwenye aproni. "Haya, niite."
Nikamwita, kwa jina la bibi, kwa la mama, kisha kwa lake,
polepole, kama nilivyofunzwa,
na yule kijana akapunguza redio.

Magharibi miguu yangu imo kwenye beseni la maji ya chumvi.
Shangazi kakaa mbele yangu, goti juu ya mto,
ananisaili nyumba kwa nyumba.
"Kwa Zumurudi, njumu?"
"Kumi na saba. Moja imeng'oka."
Akanyamaza. Akalibonyeza goti. Akanyamaza tena.
"Basi," kasema, "tangu leo ni kumi na saba."