Saruji ndani ya Mpeasi

Mpeasi wetu wa Mjimwema tuliukuta una pango kifuani.
Baba alilijaza saruji mwaka ule tuliohamia,
nusu mfuko iliyobaki baada ya kupiga sakafu.
Akakandika kwa mwiko, akalainisha kwa mkono,
akasema: jino bovu huzibwa.
Mimi nilishika ndoo.

Sasa ni Julai. Sakitu inalala kwenye figiri hadi saa tatu,
majirani wanaota jua ukutani kama mijusi,
na kaka Erasto anapiga simu kutoka Makambako:
kata huo mzee, weka parachichi za Hass,
sita zinaenea, miaka mitatu tu unauza kwa kilo,
gari linakuja mpaka getini.
Hesabu yake haina kosa.
Mapeasi yetu ni magumu, hayauziki hata stendi.
Mtoto akiyang'ata, kwanza anapapasa meno yake.

Nikamwita Mlowe, bwana miti mstaafu.
Hakuja na msumeno. Alikuja na nyundo ya mpira na sikio.
Akagonga, akasikiliza, akasogea, akagonga tena,
kama fundi anayetafuta bomba ndani ya plasta.
"Mti wenu mzima," akasema. "Mgonjwa ni saruji."

Mti, akanieleza, hauponi kama sisi.
Hauotishi nyama mpya kidondani.
Unajenga ukuta kuuzunguka ubovu, unauacha huko,
unaendelea na maisha upande wa nje.
Moyo ukioza haufi;
unaishi kwa unene wa kidole chini ya gome.
Lakini saruji hainepi. Upepo wa Agosti ukija
mti unayumba, jiwe linagoma,
maji yanaingia kwenye mwanya, hayatoki.
Akaniona uso.
"Aliyeweka alipenda," akasema.
"Enzi zile hata sisi ndivyo tulivyofundisha."

Tukaanza juu. Tawi lililokufa juu ya bati la jiko
tulilikata mara tatu: kwanza chini,
kisha juu, kisha kile kisiki kilichobaki,
bila kulinyoa shina. Tuliuacha ule mkunjo mdogo
tawi linapotokea, kama kola ya sweta.
Nilikuwa nimenunua kopo zima la rangi ya kuziba kidonda.
"Paka geti," akasema.

Nikafungua kamba ya kuanikia nguo.
Ilikuwa imezama ndani ya gome,
miaka yote hiyo mashuka yetu yakiukaba mti kiuno.
Nikatandaza mabua na majani makavu chini,
kiganja kimoja mbali na shina, kama nilivyoagizwa.

Saruji ilikuwa imekwisha legea. Ilitoka siku ya pili,
nzima, kwa patasi na mtaimbo na jina la Mungu,
tukaipokea wawili kama wakunga.
Mgongo wake umechukua kila kona ya ndani ya mti:
fundo, mfereji, njia za mchwa waliohama zamani.
Usoni, vidole vinne vya baba.
Cha tano kilikuwa kimeshika mwiko.

Mlowe alipokwenda kunawa
niliingiza mkono pangoni hadi begani.
Nje baridi ya kukata masikio.
Mle ndani palikuwa na vuguvugu.

Erasto nimemwambia parachichi zitakaa nyuma ya choo, mbili,
panapopata jua. Akanuna siku nne,
kisha akatuma hela ya miche.

Kama mpeasi utatuzika sisi
au sisi tutaupasua kuni, sijui.
Mlowe naye hajui. Ameniachia nyundo,
nigonge kila Julai, nisikilize.

Lile jiwe liko mlangoni pa jiko.
Mapeasi yakiiva nanolea kisu juu yake,
pembeni,
pasipo na vidole.