Siku Tatu Tanga

"Waja leo, waondoka leo," alisema mkata tiketi pale stendi,
akicheka kama aliyekwisha kuuona mwisho wetu.
Tukamjibu tumekuja na siku tatu
na karatasi.

Karatasi kaiandika Ntandu, mume wangu,
karani wa mizani ya barabara kuu kule Singida,
miaka ishirini na mbili anapima malori ya watu:
kwanza mapango, pili makumbusho,
tatu maji ya moto, nne kuogelea (wewe tu).
Pembeni, kwa wino mwekundu, saa na nauli.

Amboni, basi.
Semhando katangulia na tochi
na sauti ya mtu aliyeyasema hayo hayo tangu asubuhi:
huyu hapa mamba, hii hapa meli.
Mimi naona jiwe, kisha jiwe,
kisha, ghafla, mama mkwe wangu mzima mzima,
kidole kakinyoosha, anauliza chumvi iko wapi.
Nilicheka hadi popo wakahama ukuta.
Penye upenyo Ntandu akanasa.
Tumbo lake na mlima vikabishana nani ampishe mwenziwe.
"Toa pumzi, mzee. Hapa hapiti mtu aliyejaa."

Ndani zaidi watu wameacha ubani,
sarafu, chupa ya marashi.
Ntandu haamini mambo hayo.
Akasimama pale kitambo, kofia mkononi.
Sikumuuliza. Tuna kaburi moja nyumbani,
fupi, la hatua mbili.

Maji ya Galanos yananuka yai viza.
Mama mmoja kaketi humo hadi kiunoni, kanga imemganda.
"Yanatoa upele," akatuambia, "yanatoa na uchovu wa mifupa.
Wivu hayatoi. Nimejaribu."

Makumbusho, kwenye boma la Wajerumani:
picha ya wanaume kumi na wawili wamebeba mkonge,
na mmoja kakaa kitini.
Chini, jina moja tu, la mwenye kiti.
Ntandu akawahesabu. Akarudia.
"Uzito haujatimia," akasema,
na hakutaka tena kuona bunduki wala saa za ukutani.

Siku ya tatu, Raskazone, karatasi ikaingia maji.
Wino mwekundu ukasambaa, saa zikaungana na nauli.
Nilidhani atanuna.
Akamenya chungwa la Muheza, ganda moja refu lisilokatika,
akanivisha shingoni.

Mji huu kila mtu ana baiskeli.
Mwalimu na madaftari yake, shehe na kanzu aliyoibana kwa klipu,
binti anayeongea na simu, mkono mmoja hewani.
Kwetu niliambiwa mtoto wa kike hapandi,
nikatii, nikasahau kwamba nilitii.
Kombo wa Barabara ya Nane hukodisha kwa saa.
Akanitazama, arobaini na saba, kilo ambazo Ntandu anazijua na hasemi,
akashusha kiti.

Ntandu kashika keria, anakimbia nyuma yangu
na viatu vyake vya ofisini, kwa, kwa, kwa,
"Tazama mbele! Usitazame tairi! Mbele!"
Watoto wa Ngamiani wanahesabu nitaanguka mara ngapi.
Mara nne.
Ya tano nikapita duka la mchele, nikampita fundi cherehani,
nikampita mbuzi ambaye hakupisha,
ndipo nikagundua kwa, kwa imenyamaza.

Nikageuka (kosa).
Kwa mbali, katikati ya barabara,
mume wangu kainama, mikono magotini,
anahema, anacheka, au kimojawapo,
na mikono ile haikuwa imeshika kitu.

Nilianguka, ndiyo. Goti hili hapa.
Basi la asubuhi, mkata tiketi yule yule:
"Enhe, mmeona nini?"
Ntandu kafungua mdomo ajibu kwa mpangilio,
moja, mbili,
akanitazama goti.
"Mpe siti ya dirishani," akasema. "Mguu wake haukunji."